Silaha za teknolojia ya juu zinalipa? Jibu kwa mwalimu wa Lamu

*Swali: Assalaam alaykum, mzee wangu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Lamu, mtaa wa Langoni. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wana mdahalo: nchi kutumia fedha nyingi kwa teknolojia ya kisasa ya kivita, ni faida au hasara? Nilitaka kuwasaidia nikajikuta mwenyewe sina jibu. Huku kwetu tumeona magari ya deraya yakipita na ndege za upelelezi zikizunguka, na bado wavuvi wetu walikaa miaka wamekatazwa bahari usiku. Jambo la pili, kijana wangu amemaliza kidato cha nne na anataka kusomea ufundi wa rada. Nimruhusu?*

Waalaykum salaam, mwalimu. Swali lako nimeishi nalo tangu ujana. Nimetengeneza rada na redio za vyombo vya baharini kwa miaka 27, na tangu nistaafu niko hapa Malindi nikisoma mikataba ya ununuzi na kuwashauri wanaotaka kununua. Nitakujibu kama fundi kwanza, hesabu zifuate.

Wanafunzi wako wakitaka jibu la kuanzia, wape hili. Fedha ya zana za kisasa hurudi pale ambapo mnunuzi anaijua shida anayoitatua, na anaweza kuitunza zana hiyo kwa mikono ya watu wake. Moja kati ya hayo likikosekana, zana iwe bora namna gani, ni hasara. Nchi nyingi hununua bila hayo mawili, ikiwa ni pamoja na zile tajiri kabisa.

Niliyajifunza haya juu ya mlingoti. Katika miaka ya tisini boti moja ya doria niliyokuwa nikiihudumia ilizimikiwa rada. Nikapanda, nikalitikisa kasha la antena, nikasikia maji yakicheza ndani. Pete ya mpira inayozuia maji, nyembamba kama bangili ya mtoto, ilikuwa imekauka kwa jua na kupasuka. Ufa ulionekana hata bila miwani. Pete kama ile ningeikata mwenyewe kwenye tyubu ya gari. Lakini mkataba ulisema fundi asiyetumwa na kiwanda akilifungua kasha lile, dhamana imekufa. Tukaandika barua. Majibu yakaja, tukaandika nyingine. Fundi wa kiwanda alifika baada ya miezi 11, na kufikia hapo chumvi ilikuwa imeshakula mitambo ya ndani, kwa hiyo hakubadilisha pete peke yake, alibadilisha karibu kila kitu. Muda wote huo boti ilikuwa ikitoka doria usiku kwa macho ya mabaharia na tochi. Kwenye vitabu vya serikali iliendelea kuandikwa kuwa ina rada ya kisasa.

Nilidhani wakati ule kwamba ni tatizo letu sisi maskini. Sivyo. Chukua ndege ya kivita ya F-35 ya Marekani, ambayo ndiyo mradi wa silaha wenye gharama kubwa kuliko wote duniani. Ofisi ya ukaguzi inayolitumikia Bunge la Marekani iliripoti mwaka 2023 kwamba ndege zilizokuwa tayari kwa kazi zilikuwa kama asilimia 55 tu. Sababu mojawapo ni kwamba jeshi lenyewe halikuwa na michoro na maelezo ya kiufundi ya kutosha kujitengenezea, kwa sababu mkataba uliyaacha mikononi mwa kiwanda. Mwaka 2024 ofisi hiyohiyo ikataja makadirio ya gharama ya kuzitunza ndege hizo kwa uhai wao wote: dola trilioni 1.58, ambazo ni zaidi ya mara tatu ya gharama ya kuzinunua. Pete yangu ya mpira, mwalimu, na ndege yao ya mamilioni ya dola, zina ugonjwa mmoja.

Kwa hiyo wanafunzi wako wakitaja bei ya silaha kwenye mdahalo, waulize wametaja bei gani. Januari 2017 Marekani iliidhinisha kuiuzia Kenya ndege 12 aina ya Air Tractor, ambayo asili yake ni ndege ya kunyunyizia dawa mashambani, kwa bei isiyozidi dola milioni 418. Mbunge mmoja wa huko akalalamika kwamba kiwanda cha jimboni kwake kingetoa ndege za namna hiyo kwa bei ndogo zaidi, na mwishowe ununuzi haukukamilika. Watu wengi waligawanya 418 kwa 12 wakashika vichwa. Mimi sikuwa na haraka ya kushika kichwa, kwa maana bei ile ilikuwa na silaha, vipuri na mafunzo ndani yake. Nilichotaka kujua ni vipuri vya miaka mingapi, na mafunzo ya nani: ya rubani peke yake, au na ya fundi? Bila majibu hayo huwezi kusema ghali wala rahisi.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa, ya kungoja. Meli ya doria KNS Jasiri iliagizwa mwaka 2003 kutoka Uhispania kwa takriban shilingi bilioni 4.1. Ilijengwa, kisha ikakwama huko kwa miaka kwa sababu ya utata wa mkataba, ikafika Mombasa mwaka 2012. Zana za elektroniki zinazeeka hata zikiwa zimefungwa kamba bandarini. Na tafadhali hesabu pia bahari iliyokaa bila meli hiyo: mwaka 2011, wageni walipotekwa Kiwayu na kisha Manda na kukimbizwa kwa boti kuelekea Somalia, Jasiri ilikuwa bado Uhispania.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ninyi wa Lamu mnalijua kuliko mimi. Alfajiri ya tarehe 5 Januari 2020 al-Shabaab walishambulia kambi ya Manda Bay. Watu wa nje huichanganya na kiwanja cha ndege cha Manda kilicho kisiwani, lakini yenyewe iko bara, Magogoni. Pale palikuwa na ndege za upelelezi za Marekani, zenye kamera na vihisio vya hali ya juu, zilizoletwa hasa kuwasaka watu wanaojificha msituni. Watu walewale wakaja kwa miguu kupitia kichakani na bunduki na makombora ya kubeba begani. Wamarekani watatu walikufa, mmoja askari na wawili wafanyakazi wa kandarasi, na ndege zikateketea zikiwa ardhini. Hasara ilikuwa karibu dola milioni 70. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa mwaka 2022 haikusema kamera hazikuwa nzuri. Ilisema walinzi hawakuwa wamejiandaa vya kutosha, na viongozi walijenga dhana kwamba hatari haitafika pale.

Nilikaa na habari ile siku nyingi. Uzio mzuri, mahandaki, walinzi waliozoezwa na mazungumzo ya kila wiki na wenyeji wanaokata boriti kwenye mikoko ya jirani, vyote pamoja vingegharimu kiasi kidogo tu cha bei ya ndege moja. Lakini uzio haupigwi picha siku ya kukabidhiwa. Nimeliona hili katika kila ofisi niliyowahi kushauri: mtambo mpya hupata fedha kwa siku moja, walinzi wa mtambo hupata fedha baada ya msiba.

Wamarekani walikuwa wameshaonywa juu ya hili na watu wao wenyewe. Mwaka 2002 walifanya zoezi kubwa la kivita lililoitwa Millennium Challenge, lililogharimu dola milioni 250. Upande wa adui uliongozwa na jenerali mstaafu Paul Van Riper, ambaye aliamua asitumie redio ambazo wenzake wangezinasa. Alituma amri kwa waendesha pikipiki na kwa maneno ya siri yaliyopenyezwa kwenye adhana. Halafu akarusha makombora mengi kwa mpigo mmoja na kupeleka kundi la boti ndogo, na katika hesabu ya zoezi manowari 16 zikazama. Zoezi likasimamishwa, meli zikarudishwa majini kana kwamba hazikuzama, na likaanza upya kwa masharti yaliyombana. Wasomee wanafunzi wako kisa hicho. Mtoto wa Lamu anaelewa mara moja adhana inavyoweza kubeba habari mji mzima kabla redio haijawashwa.

Hapa nisije nikakupotosha, kwa sababu kuna hoja ya upande huu inayovuma sana na ina kasoro. Kuanzia Novemba 2023 wapiganaji wa Kihouthi wa Yemen walishambulia meli katika Bahari ya Shamu. Droni ya aina ya Shahed inakadiriwa kugharimu kati ya dola 20,000 na 50,000, na kombora la SM-2 ambalo manowari ya Marekani hulitumia kuidungua ni kama dola milioni 2. Watu huweka namba hizo mbili kwenye mizani na kucheka. Hesabu hiyo haijakamilika. Kombora lile linalinda manowari ya karibu dola bilioni 2 yenye mabaharia zaidi ya 300, na nyuma yake meli ya mizigo yenye watu wake. Ningekuwa ndani ya manowari ile ningelirusha bila kuuliza bei, na wewe pia.

Tatizo la kweli liko kwenye idadi. Manowari ya namna hiyo hubeba makombora chini ya mia, na yakiisha hayajazwi upya katikati ya bahari. Lazima irudi bandarini. Anayerusha droni za bei nafuu anapigania kuzimaliza zile mia. Ndiyo maana kampuni kubwa za meli ziliamua kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, manowari zote zile zikiwepo, na nyinyi mkaziona baadhi ya meli hizo kubwa zikitia nanga kwenye gati zenu za Lamu. Ikiwa mwanafunzi atasema "ghali hushindwa na rahisi", mwambie aseme vizuri zaidi: kichache hushindwa na kingi, na bei ndiyo inayofanya kitu kiwe kichache.

Marekani ina mfano mchungu wa hilo. Walipanga kujenga manowari 32 za aina ya Zumwalt. Gharama zikapanda, idadi ikapunguzwa hadi 3. Mizinga yake ilibuniwa kwa risasi moja maalumu inayojiongoza yenyewe, na kwa kuwa meli zilikuwa tatu tu, bei ya kila risasi ikafika kama dola 800,000. Mwaka 2016 wakaacha kuzinunua. Mizinga mipya kabisa ikabaki haina cha kurusha.

Je, kuna mahali inalipa? Ndiyo, na nitakupa mifano miwili ambayo naiamini kabisa.

Wa kwanza ni magari ya deraya yanayopita kwenu, ya kuhimili mabomu ya kutegwa barabarani. Siri yake kubwa ni umbo la tumbo. Badala ya kuwa bapa, chuma cha chini kimekunjwa kama mkuku wa jahazi, na kikawekwa juu zaidi kutoka ardhini. Bomu likilipuka, nguvu yake inagawanyika na kupita pembeni, kama vile wimbi linavyopasuliwa. Wazo hilo lilikomazwa kusini mwa Afrika katika miaka ya sabini, gari la Casspir la Afrika Kusini likiwa mfano unaojulikana zaidi. Marekani ililipuuza kwa miaka huku askari wake wakilipuliwa Iraki ndani ya magari ya tumbo bapa, kisha kuanzia 2007 ikanunua magari zaidi ya 27,000 kwa takriban dola bilioni 50. Fedha nyingi mno, na bado nasema zilistahili, kwa sababu shida ilijulikana kwa jina na gari lilijengwa kwa ajili yake. Kwa askari anayepita barabara ya Hindi kwenda Kiunga, na kwa mama yake anayengoja simu, hakuna ununuzi wenye maana zaidi ya huo. Fundi wa kuchomelea wa hapa kwetu analielewa gari hilo akilitazama mara moja.

Wa pili ni GPS, mfumo wa setilaiti unaokuonyesha mahali ulipo. Ni mali ya jeshi la Marekani; setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, na mfumo ukakamilika mwaka 1995. Kwa miaka raia walipewa ishara iliyovurugwa kwa makusudi, ukikosea mahali ulipo kwa hadi mita 100. Mei 2000 uvurugaji huo ukazimwa. Nilipokuwa Kizingitini, nahodha mmoja wa kambakoche alinionyesha kifaa chake cha mkononi, amekihifadhi kwenye kopo la siagi lenye kifuniko. Ndani alikuwa ameweka alama za miamba zaidi ya arobaini, kila mmoja na jina: mmoja ameuita kwa jina la mkewe, mwingine kwa jina la shemeji aliyezama jirani na pale. Baba yake aliishika miamba ile kichwani kwa kulinganisha minara na minazi ya pwani, na siku ya ukungu alirudi mtupu. Mita 100 ni kuukosa mwamba kabisa. Kifaa kile kinalisha nyumba, na kililipiwa na bajeti ya vita ya watu wengine.

Wapenzi wa bajeti kubwa huishia hapo: mwaona, silaha huzaa neema. Malindi tuna ushahidi wao mzuri kuliko wote, nao uko baharini Ngomeni, miguu ya chuma iliyobaki ya jukwaa la San Marco la Waitaliano. Kutoka pale, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wetu, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina Uhuru, ya kwanza duniani kuundwa kwa kazi ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Roketi iliyoipeleka, Scout, ilikuwa na injini iliyotokana na kombora la Sergeant la jeshi la Marekani. Mwanasayansi aliyeongoza kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alianza na safari ya roketi ya mwaka 1962 iliyolipiwa na jeshi la anga la Marekani, na mwaka 2002 akapata Tuzo ya Nobel. Yote ni kweli, na najivunia kwamba jina la Kiswahili limo.

Lakini tazama neema ilikwenda wapi. Injini, mahesabu, viwanda na wanafunzi waliofundishwa juu yake vilibaki Marekani na Italia. Ngomeni ilibaki na samaki wake. Nchi inayotengeneza silaha, hata ikipoteza, sehemu kubwa ya fedha huzunguka nyumbani: mishahara, vyuo, kodi. Nchi inayonunua huituma fedha nje, na kinachorudi ni sanduku. Mwaka 2024 dunia ilitumia dola trilioni 2.7 kwa majeshi, kwa hesabu ya taasisi ya SIPRI ya Sweden, na Marekani peke yake karibu trilioni 1. Kenya hutumia kama asilimia moja ya pato lake. Hoja ya neema inaweza kumfaa mtengenezaji. Sisi wanunuzi hatuna haki ya kuiazima, isipokuwa mkataba uwe umeleta ujuzi pamoja na sanduku. Lamu ilishayaonja haya: baada ya vita vya Shela, kama mwaka 1812, wazee wenu waliomba ulinzi kwa Sayyid Said wa Oman. Liwali akaja, ngome ikakamilika 1821 na bado imesimama. Amri ya mji ikahamia Maskati, kisha Unguja.

Nimeacha wavuvi hadi mwisho kwa sababu hapo ndipo moyo wangu ulipo. Kukatazwa bahari usiku ni gharama ya ulinzi ambayo haikuonekana kwenye bajeti yoyote, ila kwenye sufuria. Ilitokea kwa sababu usiku hapakuwa na njia ya kutofautisha mashua ya mvuvi na boti ya adui. Ukitaka kipimo cha teknolojia ya kijeshi Lamu, mimi ninacho kimoja: je, imemwezesha mvuvi kurudi kwenye bahari yake usiku kwa usalama?

Na hapa rada ya bei kubwa ina udhaifu ambao muuzaji hautaji. Mbao hairudishi mawimbi ya rada vizuri. Wakati wa kusi, bahari ikichafuka, mashua ya mbao hupotea katikati ya mwangwi wa mawimbi, hata kwenye kioo kizuri sana. Dawa yake ni bati: vipande vitatu vya alumini, kila kimoja kikikutana na mwenzake kwa pembe ya mraba, vikatundikwa juu ya mlingoti. Pembe zile huirudisha ishara ya rada kule ilikotoka, na mashua ndogo ikang'aa kama meli. Mafundi bati wa soko la Malindi wanakitengeneza kwa asubuhi moja nikiwachorea vipimo. Ukisajili mashua, ukazipa bati hizo, na ukawaweka manahodha kwenye redio moja na doria, chombo kitakachopita bila kung'aa ndicho cha kufuatwa. Adui naye anaweza kutundika bati, nalijua hilo; ndiyo maana usajili na sauti ya nahodha anayefahamika lazima viende pamoja. Ningetenga fedha kwa hayo kabla ya kununua rada ya pili.

Kuhusu kijana wako, mwalimu: mruhusu, tena umsaidie nauli. Lakini akichagua chuo, aulize kama atafungua mitambo au atasoma vitabu vya matumizi tu. Wanaojua kubonyeza tunao tele. Kabla hajaondoka mlete Malindi wiki moja. Nina rada kuukuu ya boti mezani, kasha liko wazi, na pete yake ya mpira bado sijaikata.